Wimbo wa Chati ya Macho

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuziba jicho lako moja kwa kiganja ukajua hilo la pili linafika wapi? Usinijibu haraka. Watu wengi hawajawahi. Tunaamka na macho mawili, tunalala na macho mawili, na moja likichoka la pili linabeba mzigo wote kimya kimya, kama maksai wawili kwenye plau. Mmoja akilegea, anayelima nyuma haoni kitu, maana mtaro bado unanyooka. Anakuja kujua siku yule wa pili naye anapopiga magoti.

Mume wangu Wilbard hakuwahi kuziba jicho mpaka alipofika miaka sabini na moja, na aliyemziba ni mjukuu wetu Elieth, hapa hapa uani kwetu Runzewe, kwa kile kifuniko cheusi chenye mpini kama upawa mdogo.

Elieth ni binti wa mwanetu Donatus. Donatus alikwenda machimboni Geita mtoto akiwa na miaka minne, akaoa huko, akazaa huko, na salamu zake hutufikia pale anapokutana na mtu wa Runzewe. Mama wa mtoto alirudi kwao Nyahanga, akaolewa. Elieth akabaki kwetu. Wilbard alimwita mke mdogo, mimi nikamwita mke mwenza, na yeye alitujibu kwa ulimi ule ule. Akinikuta nimekaa karibu na babu yake huniambia nisogee, leo ni zamu yake.

Kazi ya macho aliipenda kwa sababu ya marehemu dada yangu, Nyamizi. Dada alikuwa na macho mekundu. Ulikuwa moshi wa kuni, miaka hamsini ya moshi. Lakini huku kwetu bibi kizee mwenye macho mekundu husemwa, na unajua husemwa nini: kwamba ni mchawi. Dada aliiacha nyumba yake kijijini akaja kumalizia siku zake kwangu, na hakutoka uani hata siku moja bila kujitanda kanga mpaka kwenye paji la uso. Elieth alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila asubuhi alimwosha macho kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipande cha pamba, kutoka puani kwenda sikioni, pamba moja kwa jicho moja. Hakuna aliyemfundisha. Siku tuliyomzika dada, mtoto alisema atasomea macho, ili bibi mwingine asifiche uso wake.

Basi alipomaliza kidato cha nne akapata nafasi kwenye kituo kimoja cha mafunzo pale Geita, sitakitaja jina. Miezi kumi na minane, ukimaliza unakuwa msaidizi wa daktari wa macho. Usifikiri ni kazi ya kufagia. Msaidizi ndiye anayemwona mgonjwa kwanza. Anamkalisha, anamuuliza, anapima macho yake yanafika wapi, anapima presha ya ndani ya jicho, anaandika yote kwenye faili, ndipo mgonjwa anaingia kwa daktari. Elieth alinieleza jambo moja likaniingia: kitu cha kwanza cha kuandika ni jibu la swali, umekuja na shida gani, na jibu liandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe. Akisema anaona utando wa buibui, andika utando wa buibui. Usimsahihishe, usimjibie. Na namba ya kipimo iwe ile uliyoiona kwa macho yako, maana daktari anaishika kama ilivyo.

Likizo yake ya kwanza, ya Krismasi, alikuja na chati. Wanafunzi walipewa kila mmoja ya kufanyia mazoezi nyumbani. Ni karatasi ngumu nyeupe yenye herufi E tupu, kubwa juu, ndogo chini, zingine zimelala, zingine zimepinduka. Mgonjwa hahitaji kujua kusoma. Anaambiwa ni meza yenye miguu mitatu, aseme miguu imeelekea wapi. Juu moja, chini yake mbili, chini yake tatu, hivyo hivyo mpaka mstari wa saba. Aliipigilia misumari kwenye ukuta wa stoo, upande unaopata mwanga wa asubuhi. Akachukua kamba ya katani, akaifunga fundo kila mita, mafundo sita. Fundo la mwisho akaweka kigoda.

Jirani zetu walikuja wote. Mageni, ambaye nyumba yake inapakana na yetu kwa ua wa minyaa, alikaa kwenye kigoda akafunikwa jicho, akasema hizo meza zote ni za baa ya fulani, maana naye akiwa pale huwa anaziona zimepinduka. Mke wake, Mama Suzana, akamwambia ajibu alichoulizwa, jicho lake moja lina akili kuliko yeye. Tulicheka. Elieth alicheka, lakini fimbo yake ya kuonyeshea herufi haikutikisika na kila jibu aliliandika.

Kisha akakaa Wilbard.

Wilbard alifanya kazi kwenye karasha, ile mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, miaka kumi na tisa. Macho yake tulizoea kuyalaumu kwa vumbi. Alikuwa ameanza kugeuza kichwa kama kuku anapotaka kukuangalia. Alikuwa anagonga bega kwenye mwimo wa mlango, upande wa kushoto siku zote. Chai alimimina pembeni ya kikombe akasema kikombe ndicho kimesogea. Niliona. Mimi ni mtu wa kuona vitu vidogo. Ila nilijiambia ni uzee, naye alisema ni vumbi, tukakubaliana.

Jicho la kulia likaanza, maana wanafundishwa kuanza la kulia. Akasoma mistari minne akakwama. Likaja la kushoto. Aliona ile kubwa ya juu peke yake, tena baada ya kugeuza kichwa sana. Elieth aliandika. Alikunja kamba yake.

Jioni tulikuwa jikoni tunamenya mihogo. Akaniambia pole pole kwamba inaweza kuwa presha ya macho. Haiumi, alisema. Inakula kuanzia pembeni, mtu hajui, na ilichokula hairudishi. Dawa yake ni matone, na yanalinda kile kilichobaki tu. Yanawekwa kila siku, mwaka mpaka mwaka, bila kukosa. Akaitazama mikono yangu. Mikono yangu inatetemeka, ilianza zamani, hata sindano sipitishi uzi. Akasema:

"Wewe huwezi kumwekea, bibi, na yeye hawezi kujiwekea. Nitaacha masomo nirudi nyumbani. Nitasoma mwaka mwingine."

Nilijua mwaka mwingine ni nini. Kituo kile hakimshikii nafasi anayeondoka. Nyuma yake kuna foleni.

Wilbard alikuwa nyuma ya mlango, amerudi kutoka kufunga mbuzi. Alisikia yote. Hakuingia.

Alfajiri aliniamsha. Kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuona ukuta. Alinishika mkono mpaka kwenye stoo, akasimama mbele ya chati karibu kuigusa, akaniambia nimsomee. Nilimuuliza nimsomee nini. Akasema nimsomee miguu.

Hapo lazima ujue kitu kimoja. Kabla ya karasha, Wilbard alikuwa manju. Ujana wake aliongoza kundi la ngoma, la Bagalu, na walikuwa wakialikwa mpaka Ushirombo na ng'ambo ya Kahama. Manju haandiki. Anatunga wimbo wa mistari mia mbili akiwa nyuma ya maksai, na siku ya mashindano anaushusha wote bila kupoteza hata kituo. Umpe majina ya ukoo wako mara moja, baada ya miaka ishirini atakuimbia kwa mpangilio.

Nikamsomea. Kulia. Chini, kushoto. Juu, kulia, juu. Kushoto, chini, juu, kulia. Nilisoma mpaka mstari wa sita, sauti ya chini, huku naangalia mlango wa Elieth. Nilipomaliza mara ya pili, kidole chake kilikuwa kinapiga paja. Mara ya tatu alinitangulia.

Elieth alipoamka akamwomba babu yake arudie, labda jana alichoka. Wilbard akakaa. Jicho la kulia, mistari sita. Jicho la kushoto, mistari sita. Alisema jana alikuwa na vumbi. Elieth alimkumbatia shingo. Aliandika kwenye daftari lake, akanionyesha namba, sita kwa tisa, akasema kwa umri wa babu hayo ni macho ya kijana. Akarudi Geita.

Nilimwambia Wilbard sasa tutafute njia nyingine, twende hospitali sisi wawili bila kumwambia. Akasema twende likizo ijayo, mtoto akishazoea. Likizo ikaja, akasema amalize kwanza. Nami ni mtu wa subira. Wazee wangu walinisifia subira, padri kigangoni alinisifia subira, hata Mageni akimtania mkewe humwambia aje kwangu akasomee subira. Nikasubiri. Nilifikiri nao ugonjwa unasubiri.

Na sikiliza hili, maana ndilo linaloniumiza zaidi. Mama Suzana anaishi hatua thelathini kutoka kwangu. Mikono yake imetulia, anasuka nywele za nusu ya mtaa. Angeweza kumwekea Wilbard matone kila asubuhi na kila jioni, angecheka tu na kumtania kwamba leo ana wake watatu. Mtoto angeendelea na masomo, babu angeendelea kuona. Hatukumwomba. Huku kwetu jicho la mzee ni kitu cha ndani, tulijifunza kwa Nyamizi. Tulivyoona sisi, zilikuwepo njia mbili tu: Elieth aache, au Wilbard akariri.

Mwaka ukaenda. Aliuimba ule wimbo shambani, kwenye mihogo, kulia, chini kushoto, juu kulia juu, jembe likishuka kwenye kila neno. Watoto wa Mama Suzana waliushika, wakarukia kamba nao, bila kujua ni nini. Na kadiri wimbo ulivyokaa sawasawa, ndivyo dunia ilivyomfinyikia. Aliacha kwenda kigangoni peke yake. Alianza kushika ncha ya kanga yangu njiani, akasema ni mapenzi ya uzeeni. Siku moja alimwita mbuzi kwa jina la mbwa.

Kila likizo Elieth alimpima, na kila likizo ilikuwa sita kwa tisa. Pasaka alikuja amejifunza kipimo kingine, cha pembeni: unamkalia mgonjwa uso kwa uso, anakutazama puani, unasogeza vidole kutoka upande taratibu. Alinipima mimi. Alimpima Mageni, ambaye alisema upande mmoja anaona vidole na upande mwingine anaona wanaomdai. Kwa babu yake alisimama kidogo, kisha akasema hana haja ya kumsumbua, chati ameimaliza karibu yote. Niliona alivyosimama. Sikusema.

Mtihani wa mwisho wa vitendo ulikuwa mwezi wa sita. Kila mwanafunzi aje na mtu mmoja wa kwao, mwenye umri zaidi ya miaka sitini, ampime mbele ya mwalimu tangu swali la kwanza mpaka faili lifungwe. Elieth angeweza kunichagua mimi. Alimchagua babu yake. Alisema guku, ndivyo alivyomwita babu yake, ndiye anayejibu vizuri.

Wilbard alivaa koti lake la Jumapili. Mlangoni aligonga bega kwenye mwimo kama kawaida, akaupapasa, akauomba radhi, nikacheka, Mungu anisamehe.

Chumba cha mtihani kilikuwa kirefu, cheupe, na mwishoni ukutani ilikuwepo chati. Niliitambua. Zilichapwa pamoja, yetu na hiyo. Mwalimu aliitwa Agnetha, mama wa makamo, miwani kwenye mnyororo, sauti ya kawaida. Elieth alisimama katika koti jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Nilimwangalia nikajua kwamba siku ile ndiyo tuliyokuwa tunaisubiri, mimi na babu yake, kwa kila kitu tulichonyamazia. Alimwamkia babu yake kama mgeni, shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba. Kisha akamuuliza swali la kwanza.

"Mzee, umekuja na shida gani?"

"Sina shida, mwanangu. Nimekuja kukusaidia wewe."

Nilimwona mwalimu ameinua macho. Elieth aliandika: hana shida.

Akamfunika jicho la kushoto. Akasogea kwenye chati, akainua fimbo. Wilbard akaanza. Kulia. Chini, kushoto. Juu, kulia, juu. Alikwenda vizuri, wima, mkono juu ya paja, na kidole kikipiga. Mstari wa tatu fimbo ya Elieth ilichelewa kidogo, kwa sababu alikuwa anasogea pembeni ili mwalimu aone. Wilbard hakuchelewa. Alikwisha kuitaja herufi ambayo fimbo haijaifikia, na inayofuata, na ya mstari wa nne. Fimbo ikawa inamkimbilia yeye.

Elieth aliandika sita kwa tisa. Akamfunika la kulia, wimbo ukarudi toka mwanzo. Sita kwa tisa.

Mwalimu Agnetha aliinuka bila haraka. Alikwenda ukutani, akaitoa chati kwenye misumari yake miwili, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akaitundika tena. Sasa ile E kubwa ilikuwa chini karibu na sakafu, na zile ndogo kama sisimizi zilikuwa juu. Hata kuku angejua kwamba karatasi imepinduliwa. Alichukua fimbo mkononi mwa Elieth, akaiweka kwenye kona tupu, pasipo herufi yoyote, akasema, "Mzee, tusomee tena tafadhali."

Elieth alifungua mdomo akaufunga. Mimi nilikuwa kwenye benchi, hatua tatu kutoka kwa mume wangu. Ningekohoa. Ningeangusha kikapu. Nilikuwa nimejifunza kunyamaza mwaka mzima, na nilichojifunza kilinikaa vizuri.

Wilbard alinyoosha mgongo, akauelekeza uso wake ukutani, akaanza. Kulia. Chini, kushoto. Juu, kulia, juu. Alikwenda mpaka mwisho wa mstari wa sita, hakukosa hata kituo. Alipomaliza alitabasamu, akageukia mahali alipodhani Elieth amesimama. Elieth alikuwa upande mwingine.

Mwalimu alivuta kiti akakaa mbele yake, akamfunika jicho la kushoto, akainua vidole viwili kwa umbali wa mkono. Wilbard hakujibu. Mwalimu akasogeza vidole mpaka karibu na pua yake. Wilbard akasema viwili. Mwalimu alifunika la kulia, akapunga mkono mzima mbele ya jicho la kushoto. Wilbard aliuliza, kwa adabu, kama mtihani umeanza.

Wakampima presha ya macho. Daktari mwenyewe akaitwa, kijana mpole, akamtazama ndani ya jicho kwa mwanga muda mrefu. Alinieleza mimi. Kwamba mshipa wa nyuma ya jicho la kushoto umekufa zamani. Kwamba wa kulia umebaki uzi. Akaniuliza lini tuliona dalili. Nikamwambia kabla ya Krismasi ya juzi. Alihesabu moyoni, nilimwona. Akasema Krismasi ile matone yangelishikilia jicho la kulia. Sasa atatupa matone, na tusitegemee sana.

Mwalimu Agnetha alimwita Elieth dirishani. Walidhani siwasikii. Alimuuliza jambo moja tu, kama alijua. Elieth angeweza kusema hapana. Wangeandika kwamba alidanganywa na wazee wake, pengine wangempa mtu mwingine wa kumpima. Alisimama akichezea kifungo cha koti.

"Tangu Pasaka, mwalimu, nilimwona anajibu kabla fimbo haijafika. Sikujua hakika. Nilitaka iwe kweli, nikaandika."

Mwalimu hakumfokea. Alimwambia kwamba namba ile aliyoiandika daktari angeiamini, na mzee angerudishwa nyumbani na macho yake mazuri ya kwenye karatasi. Akamwambia makosa mengine yote yanasahihishwa, mkono mzito unanyooshwa, ila aliyeandika kipimo ambacho hakukiona hawezi kupewa cheti. Anaweza kuomba upya baada ya miaka miwili, nafasi ikiwepo. Elieth alivua koti jeupe palepale, akalikunja kwa kufuata mikunjo yake ya pasi, akaliweka juu ya kiti.

Tulirudi Runzewe.

Matone tuliyapata, na Elieth ndiye aliyeyaweka, asubuhi na jioni, mkono umetulia kama wa fundi saa. Mtu tuliyemficha ukweli ili asikae nyumbani kumwekea babu matone, akakaa nyumbani kumwekea babu matone. Mwezi wa kumi, mvua za kwanza, Wilbard aliniuliza kwa nini siku hizi tunachelewa kufungua madirisha. Yalikuwa wazi.

Watu walikuja kutupa pole, na pole zao zote zilikuwa za cheti. Jitihada ya mtoto, nauli, miezi kumi na minane. Mageni peke yake alikaa na Wilbard bila kusema kuhusu cheti, akamtania kwamba sasa hatajua nani kamnywea togwa yake. Mama Suzana aliniuliza kwa nini sikumwambia. Alikuwa ameshika ungo mlangoni. Akauweka ungo chini akaondoka.

Kila aliyempa pole, Wilbard alimjibu vilevile. Kwamba yeye ni mzee, macho yake yalishafanya kazi yake, hakutaka kitu kwa ajili yake, alitaka mtoto asome. Alilisema mpaka nalo likawa wimbo. Elieth akilisikia aliinama zaidi kwenye kazi aliyoishika. Siku hizi analima na mimi. Maombi ya kurudi masomoni hajaandika, wala hazungumzii miaka miwili. Wale wa kuruka kamba aliwakataza ule wimbo, kisha akawaacha, maana watoto hawakatazwi.

Chati bado ilikuwa ukutani. Juzi, baada ya matone ya asubuhi, Elieth alikwenda kuing'oa. Misumari ilikuwa imeshika kutu ikalia. Wilbard alikuwa amekaa kwenye kile kigoda, mahali pale pale penye fundo la sita, kwa kuwa jua la asubuhi hufika hapo na yeye hulitafuta kwa ngozi ya uso. Alisikia msumari, akauliza ni nini kile. Elieth akamwambia. Akasimama na karatasi mkononi, imefifia upande mmoja. Nilikuwa nachambua mchicha. Nilidhani atakwenda kuichoma.

Aliiweka chini. Alikuja akachuchumaa mbele ya babu yake, uso kwa uso, kama wanavyofundishwa, akamshika magoti. Hakuwa na faili, hakuwa na kalamu. Akamwita mzee, hakumwita guku.

"Mzee, umekuja na shida gani?"

Wilbard alicheka kidogo, akaanza lile jibu lake, kwamba yeye ni mzee, macho yake yalishafanya kazi. Elieth hakuondoka. Akamwambia haandiki hilo, hilo ni la watu, anataka maneno yake mwenyewe. Kisha akamuuliza tena, vilevile, kwa sauti ile ile ya chumba cheupe.

Kidole cha Wilbard kilianza kupiga paja, kikaacha. Aligeuza uso kulia, akaugeuza kushoto, kama bado upo upande mmoja wenye nafuu. Nilikaa na jani la mchicha mkononi. Miaka arobaini na tisa nimeishi na mtu huyu na sikuwahi kumuuliza.

"Nilitaka kuona," akasema. "Mimi nilitaka kuona."